Mistari Minne: Jinsi Diski ya Kompyuta Ilivyokuja Kugawanywa

Mtu akipeleka kompyuta yake ya siku nyingi kwa fundi ili apigiwe Windows upya, mara nyingi ataulizwa kwanza: vitu vyako umeviweka C au D? Akijibu D, fundi anafuta C bila wasiwasi na kazi inaanza. Akijibu C, itafutwe kwanza diski ya nje, mafaili yahamishwe, ndipo mengine yafuate.

Tumezoea C na D kana kwamba kompyuta huzaliwa nazo. Diski yenyewe ni moja, na mpaka kati ya herufi hizo mbili ni maandishi tu. Katika kompyuta nyingi za zamani mpaka huo umeandikwa kuanzia kwenye jedwali la baiti 64 lililobuniwa kwa ajili ya diski ya megabaiti 10, nalo lina mistari minne, basi. Taabu nyingi zilizowapata wenye kompyuta katika kugawa diski kwa karibu miaka thelathini zilitoka kwenye udogo wa jedwali hilo, au wa namba nyingine zilizopangwa na watu walioamini wameacha nafasi tele.

1956 hadi 1982: diski bila mipaka

Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilitengenezwa na IBM mwaka 1956 kwa ajili ya mashine ya RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5. Kwa robo karne iliyofuata diski ngumu zilibaki kuwa vifaa vya mabenki, serikali na vyuo vikuu.

IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi, PC, mwezi Agosti 1981, haikuweka diski ngumu ndani yake. Mfumo endeshi wake, DOS, ulisomwa kutoka kwenye flopi ya kilobaiti 160. Hakukuwa na haja ya kugawa chochote, kwa kuwa aliyetaka mfumo mwingine alichomoa flopi moja akachomeka nyingine. Lakini tayari mwaka 1980 kampuni ya Shugart Technology, iliyokuja kuitwa Seagate, ilikuwa imetoa ST-506, diski ngumu ya megabaiti 5 iliyoenea katika nafasi ya flopi ya inchi 5.25. Baada ya hapo diski ngumu iliweza kuingia ndani ya boksi la mezani.

1983: jedwali la baiti 64

Tarehe 8 Machi 1983 IBM ilitangaza PC XT, kwa bei ya dola 4,995, ikiwa na diski ngumu ya megabaiti 10. Ilifuatana na PC DOS 2.0, na ndani yake programu ndogo iitwayo FDISK. Historia yetu inaanzia hapa.

Kwa nini kugawa diski ya megabaiti 10, isiyotosha leo hata picha chache za simu? Jibu liko katika hali ya soko la wakati ule. IBM ilikuwa ikiuza mifumo endeshi mitatu kwa PC: PC DOS, CP/M-86 na UCSD p-System. Mifumo ya jamii ya Unix nayo ilikuwa njiani. Haikuwa dhahiri hata kidogo kwamba DOS ndiyo ingeshinda. Kila mfumo ulipanga mafaili kwa namna yake na haukuelewa mpangilio wa mwenzake, na tofauti na flopi, diski ngumu ilikuwa imefungwa kwa skrubu ndani ya mashine. Kwa hiyo waliona afadhali diski moja igawanywe ili kila mfumo ukae sehemu yake bila kumgusa jirani. DOS 2.0 yenyewe iliruhusiwa sehemu moja tu ya namna hiyo, yaani patisheni, kwenye diski. Wazo la C ya mfumo na D ya mafaili halikuwemo kabisa katika shabaha ya mwanzo.

Mpango wenyewe uliwekwa katika sekta ya kwanza kabisa ya diski, baiti 512. Baiti 446 za mwanzo ni programu fupi ya kuwashia. Baiti 64 zinazofuata ni jedwali la patisheni, mistari minne ya baiti 16 kila mmoja. Baiti mbili za mwisho ni alama, 55 na AA, inayoijulisha kompyuta kwamba sekta hiyo ni halali. Kila mstari unaeleza kama patisheni ndiyo ya kuwashia, inaanzia wapi, ni ya mfumo gani, inaishia wapi, na ina sekta ngapi. Ni kama daftari la ardhi: linataja kiwanja kinapoanzia, kinapoishia na mwenye nacho, bila kuugusa udongo. Ndiyo maana patisheni iliyofutwa kwa FDISK haipotezi mafaili papo hapo. Kilichofutwa ni mstari mmoja wa daftari, na programu kama TestDisk huweza kupekua diski nzima na kuuandika upya, mradi mwenyewe hajaandika kitu kingine juu yake.

Jambo moja dogo lilizoeleka katika miaka iliyofuata na likaja kuwa na uzito baadaye. FDISK haikuanzisha patisheni ya kwanza mara tu baada ya jedwali, bali mwanzo wa njia iliyofuata ya sumaku. Diski zilipofikia kuhesabiwa kwa sekta 63 katika kila njia, nyuma ya jedwali zilibaki sekta 62 tupu zisizo na mwenyewe.

1984 hadi 1988: D inazaliwa

Agosti 1984 ilikuja PC AT na DOS 3.0, na pamoja nayo FAT16, mpangilio mpya wa mafaili. Lakini DOS ilikuwa ikihesabu sekta za patisheni kwa namba ya biti 16, isiyozidi 65,536. Zidisha kwa baiti 512 unapata megabaiti 32, na hicho kikawa kikomo. Mwenye kununua diski ya megabaiti 40 aliona sehemu ya fedha yake imelala bure, labda atumie programu za pembeni kama Disk Manager ya Ontrack.

Suluhisho la IBM na Microsoft lilikuja Aprili 1987 katika DOS 3.3. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi uliotuachia urithi mgumu kuliko yote. Wangeweza kuipanua namba iliyokuwa fupi. Walichofanya ni kuugeuza mstari mmoja kati ya ile minne kuwa chombo cha kubebea patisheni nyingine ndani yake. Ndani ya chombo hicho, kila patisheni ilikuwa na jedwali lake dogo linaloonyesha mahali ilipo inayofuata. Herufi kutoka D hadi Z, yaani 23, zikapatikana kwa mpigo, na diski moja ikaanza kuonekana kama diski nyingi.

Mnyororo huo ulikuwa na udhaifu wake. Pete moja ikikatika, patisheni zote zilizo mbele yake hazionekani tena. Na herufi zenyewe hazikuwa na msimamo. DOS ilizipa herufi kwanza patisheni kuu za diski zote, ndipo ikarudi kwa zile za ndani ya vyombo. Mtu aliyeongeza diski ya pili yenye patisheni kuu alikuta D yake ya jana imekuwa E, na programu zote zilizokuwa zikitafuta mafaili D zimepotea njia.

Kampuni ya Compaq haikusubiri. Novemba 1987 ilitoa DOS 3.31 iliyorefusha namba ile na kuruhusu patisheni kubwa, na DOS 4.0 ya 1988 ikafuata njia hiyo. Sababu ya kugawa diski kwa lazima ikawa imekwisha, lakini mazoea yalikuwa yameshaota mizizi.

1991: Helsinki

Januari 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alinunua kompyuta ya 386 na kuiwekea Minix, mfumo wa kufundishia ulioandikwa na Andrew Tanenbaum. Katika kumbukumbu zake anasimulia kwamba siku moja, akitaka kupiga simu kwa modemu, aliielekeza amri kwenye diski yake badala ya modemu, na patisheni ya Minix ikaharibika. Angeweza kuiweka upya. Akaamua kwamba mfumo aliokuwa akiuandika mwenyewe, Linux, umeshakua vya kutosha, akaendelea nao, na Minix hakuirudisha.

Linux iliirudishia patisheni maana yake ya 1983, yaani mifumo miwili kuishi katika diski moja bila kugombana. Pia iliweka wazi jedwali ambalo Windows ililificha nyuma ya herufi. Katika Linux patisheni huitwa kwa namba. Moja hadi nne ni za ile mistari minne, hata kama haijatumika yote, na ya kwanza iliyo ndani ya chombo daima ni ya tano. Anayeona hda5 au sda5 kwenye kompyuta ya zamani na kushangaa ya tatu na ya nne ziko wapi, anatazama uamuzi wa 1983 na ule wa 1987 yakiwa bega kwa bega.

Tatizo lilikuwa kwamba diski nyingi zilikuja tayari na patisheni moja iliyojaa DOS au Windows. FDISK ilijua kufuta na kuunda, haikujua kupunguza. Programu ya bure iitwayo FIPS iliweza kuikata patisheni ya FAT sehemu mbili, baada ya mafaili kusogezwa mwanzoni mwa diski. Kisha PowerQuest, kampuni ya jimbo la Utah, ikauza PartitionMagic, iliyoonyesha diski kwa rangi na kumruhusu mtu avute mpaka kwa kipanya. Kupunguza patisheni bila kupoteza mafaili kulikuwa muujiza kwa watu wa miaka ile. Umeme ukikatika katikati ya kazi, msiba ulikuwa kamili.

1994 hadi 2002: vikomo juu ya vikomo

Miaka ya 1990 diski zilikua haraka kuliko namba zilizozihesabu. BIOS, programu iliyo ndani ya kompyuta yenyewe, iliweza kuhesabu silinda 1,024 na sekta 63. Diski za IDE kwa upande wao zilikubali vichwa 16 tu. Kila upande ulikuwa na nafasi kubwa mahali ambapo mwenzake hakuwa nayo, na walipokutana walibanana kwenye megabaiti 504. Kutoka hapo watengenezaji wakaanza kutafsiri namba, kisha wakahamia kuhesabu sekta moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa kompyuta ambazo BIOS yake haikuweza kubadilishwa, zilitumika programu zilizojificha katika zile sekta 62 tupu na kuidanganya DOS kuhusu umbo la diski. Ukiwasha kompyuta hiyo kwa flopi bila kupitia programu hiyo, diski ilionekana tupu. Wengi waliformati diski nzima zenye mafaili yao kwa sababu hiyo.

FAT16 nayo ilikuwa na kasoro ya ndani. Patisheni ikizidi gigabaiti 1, nafasi ilitolewa kwa mafungu ya kilobaiti 32, kwa hiyo barua ya kilobaiti 1 ilikalia kilobaiti 32. Ofisi yenye maelfu ya barua fupi ilipoteza sehemu kubwa ya diski bila kujua. Aliyejua alikata diski vipande vidogo, kwa kuwa katika patisheni isiyozidi megabaiti 512 fungu lilishuka hadi kilobaiti 8. Hapo kugawa diski kukawa njia ya kubana matumizi. Windows 95 iliyorekebishwa mwaka 1996 ilileta FAT32, ambayo ilitumia mafungu ya kilobaiti 4 hadi patisheni ya gigabaiti 8.

Vikomo vingine nitavitaja kwa haraka: gigabaiti 2 kwa patisheni ya FAT16, 8.4 kwa BIOS za kabla ya maboresho ya katikati ya miaka ya 1990, na 137 kwa diski za IDE zilizohesabiwa kwa biti 28. Hiki cha mwisho kinagusa kompyuta ambazo bado ziko mezani kwa watu. Windows XP ya 2001 ilikuja bila kukivuka, na ni marekebisho ya SP1 ya mwaka 2002 yaliyoiwezesha. Anayeweka diski ya gigabaiti 160 kwenye mashine yenye XP ya kwanza ataona gigabaiti 137 tu, na akilazimisha zaidi anaweza kuharibu data.

Sekta ya kwanza yashambuliwa

Kwa kuwa mipaka yote ilikaa mahali pamoja, aliyetaka kudhuru alijua pa kupiga. Virusi vya Stoned, vilivyoanzia Wellington, New Zealand, mwishoni mwa miaka ya 1980, viliihamisha sekta ya kwanza hadi kwenye zile sekta tupu na kukaa mahali pake. Tarehe 26 Aprili 1999 virusi vya CIH viliamka na kuandika sifuri juu ya megabaiti ya kwanza ya diski. Jedwali lilikwenda, na mwanzo wa C ukaenda nalo. Patisheni za D na E, ambazo majedwali yake madogo yalikuwa mbali zaidi ndani ya diski, mara nyingi ziliokolewa zikiwa nzima. Imani ya mafundi kwamba D ni salama zaidi ilipata hapo ushahidi wake.

Njia hiyo haikuachwa. Agosti 2012 programu iitwayo Shamoon ilifuta sekta za kwanza, pamoja na mafaili, katika kompyuta zipatazo 30,000 za kampuni ya mafuta ya Saudi Aramco.

Kwetu

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ilichelewesha mambo kwa miaka mingi. Wengi katika Afrika Mashariki walikutana na diski ngumu kwa mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000, katika kompyuta za mitumba zilizokwisha kutumika kwenye ofisi za Ulaya na Marekani. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa 2002, lilizikarabati mashine za namna hiyo kwa ajili ya shule. Zilikuja na vikomo vyote nilivyovieleza, na wakati mwingine bila CD ya mfumo wowote.

Katika hali hiyo mafundi wetu waliipa patisheni kazi yake ya tatu. Windows iliharibika mara kwa mara kwa virusi vya flashi na kukatika kwa umeme, na kununua diski ya pili ilikuwa gharama. Kugawa diski moja kuwa C na D kulimwezesha mteja kupigiwa Windows upya bila kupoteza hesabu za duka wala picha za harusi. Ilikuwa busara ya kweli, na walioianzisha hawatajwi popote. Ubaya ni kwamba wateja wengi waliamini D ni akiba. Diski ikifa, C na D hufa pamoja.

Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, iliongeza watumiaji wa aina nyingine. CD zake zilitumwa kwa posta bila malipo hadi mwaka 2011, na wanafunzi wengi walijifunza neno patisheni kwenye hatua ile ya kuchagua kama Linux ikae kando ya Windows au ifute kila kitu.

Kisha mistari minne ikaisha. Windows 7, ya mwaka 2009, ilijitengea patisheni ya megabaiti 100 kwa mambo yake ya kuwashia. Laptopu nyingi ziliongezewa patisheni ya kurejeshea mfumo na nyingine ya zana za mtengenezaji, na pamoja na C zikatimia nne. Mwenye laptopu alipojaribu kuongeza moja ya mafaili yake, Windows ilimwonya kwamba diski itageuzwa kuwa ya aina nyingine, ile isiyotegemea jedwali la kawaida. Wengi walikubali bila kuelewa, na baadaye wakagundua hawawezi kuweka Linux kwenye diski hiyo, wala kuirudisha ilivyokuwa bila kuifuta.

2010 na baadaye: jedwali jipya

Kila mstari wa jedwali la 1983 huhesabu sekta kwa namba ya biti 32, ambayo kwa sekta za baiti 512 hufika terabaiti 2.2. Ni zaidi ya mara 200,000 ya diski ya XT, na bado haikutosha. Mwaka 2010 diski za terabaiti 3 ziliingia madukani.

Jibu lilikuwa tayari. Intel, ilipokuwa ikiandaa mbadala wa BIOS kwa ajili ya kompyuta zake za Itanium, ilibuni jedwali liitwalo GPT. Lina nafasi 128 kwa kawaida, linahesabu kwa biti 64, lina namna ya kujikagua kama limeharibika, na nakala yake ya pili hukaa mwisho wa diski. Vyombo na minyororo ya 1987 havina kazi tena humo. Patisheni sasa huanza megabaiti 1 ndani ya diski, mahali panapolingana na sekta kubwa za diski za kisasa. Lakini hata kwenye diski ya GPT, sekta ya kwanza bado ina jedwali la zamani lenye mstari mmoja unaofunika diski nzima, au kadiri namba zake zinavyofika, ili programu za zamani zisidhani ni tupu na kuiandikia.

Kwa mwenye kompyuta ya zamani, tofauti hizi zinaamua mambo. Mashine yenye BIOS ya kale haiwezi kuwasha Windows kutoka kwenye diski ya GPT, kwa hiyo diski yake ya kuwashia ibaki na jedwali la zamani. Windows XP ya kawaida haiisomi GPT kabisa. Linux huweza kuwasha kutoka GPT hata kwenye BIOS, ikitengewa patisheni ndogo ya kazi hiyo. Na tangu Microsoft ilipositisha huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi zisizokubaliwa na Windows 11 zinaelekea kwenye Linux, maana yake nyingi zitagawanywa upya.

Kwa hiyo nawaomba wenye mashine hizo na mafundi wao: kabla ya kusogeza mpaka wowote, hamisheni kwanza mafaili kwenye diski nyingine, si kwenye D. Kisha chukueni nakala ya jedwali lenyewe. Kwenye Linux, amri ya sfdisk -d huliandika lote katika faili fupi la maandishi. Faili hilo liwekeni kwenye flashi na mwandike juu yake ni la kompyuta gani. Kazi hiyo haichukui dakika tano, na mstari ukifutwa kwa makosa, faili hilo ndilo litakaloonyesha patisheni ilianzia sekta ya ngapi.